Zawadi Bila Sindano wala Cherehani

   

Leo nina jambo ninalolipenda sana. Nataka tuzungumze juu ya zawadi. Si zile za kwenda kununua dukani zikiwa zimeshafungwa, bali zawadi unazozitengeneza mwenyewe, kwa mikono yako, nyumbani kwako. Tena nimechagua zile ambazo hazina kushona hata kidogo. Nasema tena ili aliyekuwa anasonga ugali anisikie: hazina kushona. Huhitaji sindano, huhitaji cherehani, huhitaji kumbembeleza fundi aliyekuahidi Alhamisi akakupa nguo Jumanne ya wiki inayofuata.

Kwa nini nimeona tuzungumze haya sasa? Kwa sababu msimu umefika. Shule zinafungwa, Krismasi iko mlangoni, mwaka mpya unafuata. Katikati hapo kuna sendofu, kuna kicheni pati, kuna kipaimara cha mtoto wa jirani, kuna arobaini ya kichanga cha wifi yako. Kila mwaliko unataka ufike na kitu mkononi. Je, mfuko unapanuka kwa sababu sikukuu zimeongezeka? Haupanuki. Mshahara ni uleule, na mauzo ya genge ni yaleyale. Ndiyo maana wako watu wanaoacha kwenda shughulini, si kwa sababu hawapendi, bali kwa sababu wanaona aibu kwenda mikono mitupu. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nilete mada hii.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba moyo peke yake haufungi zawadi. Lazima mikono nayo ijue la kufanya. Basi chukua kalamu na karatasi, maana leo nitatoa na vipimo.

Sasa yupo atakayeuliza: mama, kitambaa bila kushona kitakuwa kitu gani? Kitabaki kitambaa tu. Mpenzi msikilizaji, hebu jiangalie ulivyovaa. Kama umejifunga khanga kiunoni, kuna sindano iliyoishikilia hapo? Hakuna, ni fundo tu au mkunjo uliochomekwa. Kilemba kichwani kimeshonwa? Mbeleko iliyombeba mtoto mgongoni mchana kutwa, akalala, akaamka, akacheza humohumo, imeshonwa wapi? Kikoi cha baba, shuka ya Mmasai, vyote ni kufunga, kukunja na kuchomeka. Ujuzi wa kukifanya kitambaa kishike bila uzi tunao sana, tumeuzoea hadi hatuuoni tena kama ujuzi. Ninachokuomba leo ni uuchukue ujuzi huohuo uupeleke kwenye zawadi.

Tuanze na kitu kikubwa. Una mwaliko wa kicheni pati. Umenunua hotipoti, au seti ya sufuria, au vikombe. Viko kwenye boksi. Watu wengi hapo hununua karatasi ya kung'aa, na utepe wa kung'aa, na lile ua la plastiki la kubandika. Zinakwenda wapi baada ya shughuli? Zinachanwa kwa dakika moja na kuishia kwenye pipa. Sisi huku Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na majirani zetu Kenya walitutangulia, Agosti 2017. Mifuko tumeiacha, lakini kwenye zawadi bado tunakumbatia plastiki za kutupa. Mimi nasema boksi hilo lifunge kwa khanga.

Sikiliza vizuri namna ya kufanya. Khanga unainunua doti, yaani mbili zikiwa zimeungana, bado hazijakatwa. Usizikate. Zikunje katikati pale zinapokutana, mgongo kwa mgongo, ili uso wenye rangi kali uwe nje kila upande. Sasa unayo khanga moja nzito yenye tabaka mbili, yenye urefu wa kama mita 1 na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita 1. Itandaze mezani, au chini kwenye mkeka safi, jina, yaani maandishi yake, likiwa upande wako. Weka boksi katikati, upande wake mrefu ufuate urefu wa khanga. Chukua ule upande wa mbali, wa juu, ulaze juu ya boksi. Halafu chukua upande wa karibu yako, ule wenye jina, uupandishe juu ya wa kwanza, na pindo lake ulikunje kwa ndani kidogo lilale vizuri.

Hapo tulia uangalie. Jina linasomeka? Kama limeangukia pembeni, au limegawanyika kwenye kona, usilazimishe. Fungua, sogeza boksi mbele au nyuma kiganja kimoja, funga upya. Likishakaa mbele au juu, zimebaki ncha mbili, kulia na kushoto. Zikusanye, zisokote kila moja kidogo, uzifunge kwa kamba ya kitenge, kama pipi inavyofungwa kwenye karatasi yake. Basi. Bwana harusi mtarajiwa akija kubeba zawadi ataona khanga na maandishi yake yanasomeka juu. Na bibi harusi akifungua, hakuna cha kutupa. Kifungio nacho ni zawadi, tena doti nzima, ataikata na kuipinda mwenyewe anavyopenda.

Nina mambo mawili ya kusisitiza hapo. La kwanza, soma jina kabla ya kulipa. Nawaomba sana. Muuza khanga anaweza kuwa na haraka, na wewe ukavutiwa na rangi, ukajikuta umempelekea wifi yako zawadi iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Shughuli yote itaharibika, na utajieleza hadi kesho yake. Kwa mama mzazi, kuna khanga za "Nani kama mama", hizo hazijawahi kumkosea mtu. Kwa maharusi, tafuta ya heri na dua. Mpe muuzaji muda akufungulie doti kadhaa, usione haya.

La pili ni msimamo wangu, na najua tutabishana. Usikate khanga kutengenezea mapambo. Nimeona siku hizi watu wanakata khanga nzima kufanya maua, vibendera, hata vitambaa vya kufutia glasi. Khanga ina mpangilio wake: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina lina mahali pake. Ukiikata umebaki na vipande visivyosema kitu. Kitenge kikate utakavyo, maua yake yanajirudia na hakuna kinachopotea. Khanga iache nzima. Na ndugu zetu wa Mombasa mnaosikiliza, mnaoiita leso, naamini hapa mko upande wangu.

Haya, nimetaja kufunga kwa kamba. Tusimame kidogo kwenye fundo, maana kazi yote ya bila sindano iko kwenye fundo. Watu wengi hufunga fundo, wakafunga tena vilevile, kulia juu ya kushoto, kulia juu ya kushoto. Hilo fundo linageuka, linakaa upande, na likivutwa linateleza. Fanya hivi: mara ya kwanza ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto. Mara ya pili geuza, ya kushoto ipite juu ya ya kulia. Nasema tena: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Fundo litalala bapa, masikio yake yatatazama kulia na kushoto, na halitafunguka hadi mwenyewe ulifungue. Jaribu sasa hivi na ncha za mtandio wako.

Kitambaa nacho kinachangia. Pamba inashika fundo. Poliesta inateleza. Utajuaje ipi ni ipi, wakati dukani zote zinaitwa kitenge? Chomoa uzi mmoja pembeni, uuchome kwa njiti ya kiberiti, mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukishajua hilo, umejua pia namna ya kuzuia kingo zisifumuke. Utepe wa poliesta unapitisha ncha yake karibu na moto wa mshumaa, inayeyuka kidogo na kujifunga. Pamba ukiifanyia hivyo umeichoma. Pamba inataka dawa nyingine, na hiyo ni gundi.

Twende kwenye gundi basi. Huko mtaani kwako kuna fundi cherehani. Chini ya meza yake kuna nini? Vipande vya vitenge, vya kila rangi. Mafundi wengi huvifagia jioni na kuvichoma, au hujazia mito. Pita kwake ukamwombe kistaarabu. Ukimwamkia vizuri na ukamnunulia chai, mwezi mzima atakuwekea mfuko. Hiyo ndiyo mali ghafi yako, na haikukugharimu kitu.

Nunua gundi nyeupe ya mbao, ile wanayotumia maseremala. Chota vijiko viwili vya gundi, ongeza kijiko kimoja cha maji, koroga. Kabla ya kukata kitenge, paka mchanganyiko huo kwa brashi kwenye mstari unaotaka kukata. Acha ukauke kabisa. Ukikata juu ya mstari huo, ukingo hautoi nyuzi. Huo ndio ufumbuzi wa kitu kinachowakatisha tamaa wengi, kwamba kitenge kikikatwa bila kupindwa kinatoa ndevu.

Na mchanganyiko huohuo unavisha vitu kitenge. Chukua boksi la viatu, au kopo la maziwa ya unga, au daftari la shule lenye jalada gumu. Paka gundi kwenye chombo, laza kitenge juu yake, kisukume kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kona zikunje kama unavyokunja karatasi unapofunika madaftari ya watoto mwezi Januari. Hilo nani hajui? Kisha paka gundi tena juu ya kitenge. Utaona nyeupe, utashtuka, utadhani umeharibu. Usiogope, ikikauka haionekani. Kopo la maziwa limekuwa chombo cha kalamu cha mwalimu, au cha vijiko vya mbao jikoni kwa shangazi. Boksi la viatu limekuwa la kuwekea shanga na hereni. Jambo moja tu, usivioshe kwa maji mengi, maana gundi hii ya mbao haipendi kulowa. Futa kwa kitambaa kikavu.

Na kama gundi ya dukani haipo, au unafanya na watoto wengi? Pika gundi. Ndiyo, pika. Unga wa ngano au wa muhogo kikombe kimoja, koroga kwanza na maji baridi kikombe kimoja hadi mabonge yaishe. Chemsha maji vikombe vitatu pembeni, mimina ule uji wako mbichi humo huku unakoroga bila kuacha, moto mdogo, hadi uone umekuwa mzito na umeanza kung'aa. Epua, tia chumvi kijiko kimoja. Ikipoa unatumia. Waliolelewa wakirusha tiara wanaijua gundi hii vizuri, ndiyo iliyoshika karatasi na vijiti hadi tiara ikapanda juu ya minazi. Inafaa kwa karatasi na boksi, kwa kitambaa kizito haitoshi. Na usiiweke zaidi ya siku chache, itachacha na kualika mende.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari, na wazazi naomba mnisikilize. Ile gundi kali ya kichupa kidogo, inayokauka papo hapo, mnayoiita supa gluu, msiitumie kwenye pamba. Ikimwagika nyingi juu ya kitambaa cha pamba inapata joto yenyewe, bila moto, joto la kuunguza ngozi, na inaweza hata kutoa moshi. Mtoto akiimwagia kwenye gauni alilovaa ataungua. Iacheni kwa viatu na plastiki, na hata huko ishikwe na mtu mzima.

Mpo? Tunaendelea.

Sasa kuna zawadi ninayoipenda kuliko zote kwa vijana, hasa mwanafunzi anayerudi bweni Januari. Mkoba wa fulana. Nenda mitumbani. Karume pale Ilala, Gikomba kwa walio Nairobi, Owino kwa walio Kampala. Tafuta fulana nzito, ya bei ya chini kabisa, ile iliyochanika kola au yenye doa kwapani. Kola na mikono tunaitoa hata hivyo, kwa hiyo kasoro yake si kitu. Na sababu ya kutaka fulana ni kwamba kitambaa chake ni cha kufuma. Ukikikata hakitoi nyuzi, kinajikunja tu ukingoni. Huhitaji kupaka gundi wala kupinda.

Ilaze mezani. Kata mikono yote miwili, mshono wa bega ubaki. Kata shingo kwa upana, umbo la nusu bakuli. Tayari umepata mishikio miwili ya mkoba. Sasa njoo chini. Kata ule upindo wa chini uutoe. Kisha kata vipande vya kuning'inia, mbele na nyuma kwa pamoja, kila kimoja upana wa sentimita 2 na urefu wa kama 10, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila kipande cha mbele kina mwenzake wa nyuma. Wafunge wawili hao pamoja kwa lile fundo letu. Unalikumbuka? Kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukimaliza safu yote utaona kati ya fundo na fundo kuna tundu, kalamu zitapita. Ndipo unachukua ncha moja ya fundo la kwanza na ncha moja ya fundo la jirani yake, unazifunga. Endelea hivyo hadi mwisho. Matundu yamezibwa, na chini pana matamvua mazuri yanayoning'inia. Ukitaka yasionekane, anza kwa kuigeuza fulana ndani nje, ukimaliza igeuze tena.

Mkoba huo unabeba madaftari, unabeba viazi vya sokoni, unafuliwa na kuanikwa kama nguo nyingine. Na ile mikono uliyoikata usitupe. Ikate mikanda myembamba, ivute kwa nguvu, kila mkanda utajikunja uwe kamba laini ya mviringo. Suka mitatu mitatu. Nani kati yetu hajui kusuka? Aliyesuka nywele za mdogo wake anajua kusuka bangili, mkanda wa kichwa, kamba ya kuning'inizia funguo. Huko Pemba na Unguja akina mama wanasuka ukili kwa mwaa uliotiwa rangi, na ukili ukiwa peke yake haujashonwa popote, hushonwa pale unapotaka kuuunganisha uwe mkeka. Kipande kimoja cha ukili wa rangi kikizungushwa kwenye chupa ya jamu, kikashikwa na gundi, hiyo tayari ni chombo cha maua cha kuweka meza ya mgeni rasmi.

Shanga za karatasi nazo tusizisahau. Wenzetu wa Uganda wamezifanya kuwa ajira. Pale Kampala, upande wa Kireka, kuna mtaa wa Waacholi, akina mama waliokimbia vita ya kaskazini, na wengi wao wamesomesha watoto kwa shanga hizi. Mali yao ni nini? Kalenda kuukuu, mabango, majarida. Unakata karatasi kwa pembetatu ndefu, kitako chake sentimita 2, urefu kama 30. Karatasi moja ya A4 inakupa pembetatu kama 20. Chukua njiti ya ufagio wa chelewa. Anza kuviringisha kutoka kwenye kitako kipana, vuta karatasi ikaze, ncha ibaki katikati isiende upande. Ukifika nusu ya safari paka gundi, malizia, chomoa njiti. Umepata shanga iliyonenepa katikati na kuchongoka pembeni, na rangi zake hukuzichagua, zimejipanga zenyewe kutoka kwenye picha ya kalenda. Zipange kwenye njiti, paka vanishi, ziache zikauke, paka mara ya pili. Bila vanishi, jasho la shingo la siku moja litazilainisha. Na mkufu wa shanga usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kila kitu kwake ni cha kuweka mdomoni.

Kwa watoto wenyewe nina mambo ya haraka haraka. Idi ikifika, mkono wa Idi usiutoe kama sarafu tupu. Waache watoto wakubwa wawatengenezee wadogo zao bahasha ndogo za karatasi ya kalenda, upande mweupe ukiwa nje, waandike jina la kila mmoja. Mtoto akiona jina lake limeandikwa anaitunza bahasha hata pesa ikishaisha. Kwa sherehe ya kuzaliwa, zile karatasi za kukunja za wauza karanga zinatosha kabisa kwa bisi na ubuyu, zivalishe tu ukanda wa kitenge. Vibendera vya kutundika havitaki ufundi. Pembetatu za kitenge, kitako chake unakikunja juu ya kamba na kukibandika kwa gundi. Tundika mbali na mishumaa na mbali na jiko. Hili la moto sitaki litokee mtu akasema hakuambiwa.

Na Krismasi? Wengi wetu hatuna ile misonobari ya kwenye kadi. Lakini tuna mkrismasi, mti unaowaka maua mekundu Desemba hii hii, na chini yake yamelala maganda yake marefu ya kahawia yanayolia ukiyatikisa. Okota. Yafute vumbi, yapake rangi nyeupe au ya dhahabu, yafunge manne matano kwa kamba ya fulana, uyatundike mlangoni. Mlio Bukoba na Moshi mna magamba makavu ya mgomba, ambayo peke yake yana rangi kuanzia ya majani makavu hadi ya kahawa iliyokaangwa. Bandika vipande vyake kwenye kadi, umbo la nyota, umbo la ng'ombe, umbo la mama na mtoto. Kadi ya namna hiyo ukimtumia kaka yako aliye Muscat au Toronto, ataisimamisha mezani mwaka mzima. Ina harufu ya nyumbani.

Kuna moja nimeulizwa mara nyingi, kuhusu maua ya noti ambayo siku hizi bibi harusi anakabidhiwa. Yanapendeza, sikatai. Lakini noti usiitie gundi, usiitoboe kwa pini. Noti iliyoharibika mpokeaji atahangaika nayo dukani, na umempa kazi ya kubandua kwenye siku yake ya furaha. Ikunje tu, ifunge kiunoni kwa uzi, kisha uzi huo uufunge kwenye kijiti. Akitaka kuitumia atafungua uzi, noti iko salama.

Kabla hatujaagana, tuhesabu siku, maana hapa ndipo watu hukwama. Kitu cha gundi kinataka siku nzima ya kukauka. Shanga za vanishi zinataka siku mbili, na kama mvua za vuli zinaendelea, tatu. Khanga na mkoba wa fulana unaweza kuvifanya asubuhi ya shughuli, chai ikiwa inachemka. Kwa hiyo vya gundi vianze wiki hii. Na Jumatatu asubuhi pita kwa fundi cherehani kabla hajafagia.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutasuka kikapu kidogo cha majani ya mnazi cha kuwekea matunda ya sikukuu. Aliye karibu na mnazi akate majani mabichi mawili Ijumaa jioni, ayafunike kwa gunia lenye unyevu yasinyauke. Asiye na mnazi atumie karatasi nene iliyokatwa mikanda ya sentimita 2, itafaa. Mkasi, kamba, na kibanio cha nguo kimoja au viwili viwe karibu na redio.